Mgeni Nyumbani Kwake

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ingefaa kuwa somo la kwanza la mbinu za utafiti, kwa kuwa watafiti wengi huja na dodoso, huuliza, huandika, kisha huondoka kabla ya siku ya tatu. Mtafiti Marja-Liisa Swantz wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilishika somo hilo kwa dhati. Mradi wa Jipemoyo alioshiriki kuuongoza, ulioanza mwaka 1975 katika eneo la Bagamoyo, uliwahesabu wanakijiji kuwa watafiti wenza.

Lakini anayesoma shahada ya uzamili ili achunguze kazi yake mwenyewe ana mtihani wa kinyume. Jembe analo tangu zamani. Kinachomshinda ni kuwa mgeni.

Chukulia afisa ugani wa Kipini, pwani ya Kenya, mto Tana unapomwagika baharini, ambaye kwa miaka 15 amezunguka mashamba ya mpunga ya Ozi. Kilimo cha huko huenda na bahari: maji yakijaa, husukuma maji baridi ya mto yapande mashambani. Mto ukidhoofu, chumvi nayo hupanda. Muulize kwa nini mpunga umekauka, atakujibu hujamaliza kuuliza: chumvi.

Huenda amesema kweli. Ila jibu hilo halijawahi kuhojiwa. Chumvi ilifika wapi, mwezi gani, kwenye bamvua au maji mafu? Je, chanzo ni mabwawa ya juu kama Masinga, lililokamilika mwaka 1981, au ni ukame, au vyote? Na lile shamba moja lililostawi katikati ya yaliyokauka, lilinusurikaje? Uzoefu uliompa jibu la haraka ndio uliomfanya alipite shamba hilo bila kusimama.

Mwanafalsafa Michael Polanyi alishikilia kwamba mtu hujua mengi kuliko awezayo kuyasema. Naamini hivyo: mkono wa mkulima una elimu isiyoandikika. Hata hivyo, nisichoweza kukisema, mwenzangu hawezi kukipinga, na kisichopingika hakirekebishiki. Hapo ndipo naiona thamani ya mbinu. Kupima maji kila bamvua, kuandika tarehe, kuhifadhi hata majibu yanayoniumbua: hizo ni njia za kujiweka mahali ambapo mwingine anaweza kunikosoa.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa watu. Mkulima anamjua afisa huyu. Ndiye anayeandika majina ya watakaopata mbegu. Akimhoji, ataitikiwa ndiyo, na ndiyo hiyo itaingia kwenye tasnifu kama ushahidi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, humruhusu kuuliza; hakimwondolei anayeulizwa hofu. Hofu hiyo huondoka pale mkulima anapoona kwamba kusema hapana hakukumnyima kitu.

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msomi wa kazi yake mwenyewe ndiye mgeni na ndiye mwenyeji, na la kumponya atalipata kwa kukubali yote mawili. Basi arudi kwenye lile shamba lililostawi, aulize swali ambalo jibu lake anadhani analo, kisha anyamaze mpaka mwenye shamba amalize.