Tulinunua au Tulikodi?

Kijana mmoja wa kanisa letu pale Mikumi alipoteza gemu tatu bila kuibiwa. Alikuwa amezinunua kupitia akaunti, akazipakua kwa bando la kujinyima, akazicheza miezi kadhaa. Kisha simu yenye namba aliyojisajilia ikapotea, akaunti ikafungwa, na kila alipoomba msaada alijibiwa kwamba hakuna uthibitisho kuwa ni yeye. Akatufuata sisi wazee wa kanisa baada ya ibada. "Zilikuwa zangu, au hazikuwa zangu?"

Mmoja wetu akamjibu haraka kwamba hapa duniani hatuna chetu, vyote ni vya Mungu. Kijana akanyamaza. Neno lile lilikuwa la kweli, lakini tuliona usoni mwake kwamba hatukuwa tumemjibu, na tangu siku hiyo tumekuwa tukilijadili.

Hatuna ugomvi na kukodi. Hapa kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, kama kule Kilosa mjini, viko vibanda vya gemu ambamo vijana hulipa kwa mechi au kwa muda. Muda ukiisha, mchezaji anampisha mwenzake. Hakuna atokaye akilia kwamba amedhulumiwa. Na king'amuzi je? Mwezi ukiisha picha inakatika, hata kama mpira uko dakika ya 80. Tunanung'unika, lakini hatudai kwamba mechi ile ilikuwa mali yetu. Microsoft ilipoanzisha Game Pass mwaka 2017 ilifanya jambo la aina hiyohiyo: lipa kila mwezi, cheza gemu nyingi, ukiacha kulipa zinafungwa. Anayeingia humo anajua alichoingia.

Shida inaanzia kwenye neno "nunua". Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliuza gemu ya magari iitwayo The Crew kuanzia mwaka 2014. Watu walilipa bei kamili, wengine wakachukua CD yake dukani. Lakini gemu hiyo haikuweza kuchezwa bila kuunganishwa na seva za kampuni, na tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zikazimwa. Aliyekuwa na CD mkononi akabaki na kipande cha plastiki. Mwaka huohuo jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria inayowakataza wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa ruhusa ya kutumia tu. Tunaosoma Mithali tunajua jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya uongo. Jiwe la mizani huwa dogo, nalo neno "nunua" ni dogo vilevile.

Sasa turudi kwenye lile jibu letu. Sisi wa Wilaya ya Kilosa tulipaswa kulijua vizuri zaidi, maana tumeishi na swali hili katika ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati ya shamba hamiliki udongo. Ana haki ya kuutumia kwa miaka 33, 66 au 99. Wilayani kwetu ziko hati za mashamba makubwa zilizofutwa kwa sababu wenyewe waliyaacha yakawa mapori. Lakini muda uliandikwa kwenye hati, masharti yaliandikwa, na hati haifutwi kabla ya mwenyewe kupewa notisi.

Mambo ya Walawi sura ya 25 inakwenda mbali zaidi. Mungu anasema ardhi ni yake, nasi ni wageni na wapangaji wake. Tumezoea kuliishia hapo. Lakini endelea kusoma: kwa kuwa ardhi ni ya Mungu, ndiyo maana tajiri haruhusiwi kuishika milele, na katika mwaka wa yubile familia iliyouza kwa dhiki inarudishiwa. Umiliki wa Mungu umewekwa hapo kumzuia mwenye nguvu. Sisi tuliuchukua tukamnyamazishia kijana mnyonge, na aliyemchukulia vitu vyake hatukumgusa.

Wala Mtume Petro hakusema tulivyosema sisi. Alipomkabili Anania katika Matendo ya Mitume, alikiri kwamba kiwanja kabla ya kuuzwa kilikuwa chake, na hata fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa la Anania lilikuwa uongo. Na tukifikiri vizuri, sadaka yenyewe haiwezekani pasipo kumiliki. Mwenye CD isiyotegemea seva ya mtu, akienda chuo humwachia mdogo wake; akiishiwa huiuza; akimaliza humwazima jirani. Gemu za akaunti ya yule kijana hazingeweza kuachiwa mtu yeyote, hata kabla hazijapotea.

Mzee mmoja wa Kilosa alitupinga. Alisema mafuriko ya Mto Mkondoa, yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalichukua vitu vya watu vilivyokuwa vyao kabisa, kwa hiyo kumiliki si kinga. Ni kweli, na Bwana Yesu alishatuonya juu ya nondo na kutu. Ila mto haukuwa umempa mtu yeyote risiti.

Jumapili iliyofuata tulimwita kijana, tukamwambia kwamba tulimjibu vibaya: alilipia kama mnunuzi, akatendewa kama mpangaji asiyeonyeshwa mkataba. Akauliza kama kanisa linaweza kumsaidia kuiandikia kampuni. Tumeandika mara mbili. Barua ya pili aliitunga mwenyewe, sisi tukasahihisha tahajia.