Ambulensi Iende Kwa Nani Kwanza?

Tuseme simu mbili zimelia saa nane usiku, mvua ikinyesha. Moja ni ya mteja wa Kilimani aliyelipia huduma ya mwaka mzima. Nyingine inatoka Mathare: mto umeingia nyumbani, na mtoto hapumui vizuri. Ambulensi iliyobaki ni moja.

Mfano ni wangu, lakini mpango wenyewe upo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina kampuni ya ambulensi, E-Plus, iliyoanzishwa 2010. Inauza huduma kama biashara yoyote, ili pesa ya kuokoa watu isitegemee wafadhili pekee.

Mimi naona hiyo ni akili. Maafa hayaji kila siku, lakini kuyangoja kunalipiwa kila siku. Dereva anakula hata mvua isiponyesha. Stoo ya blanketi ina kodi, mafuriko yawepo yasiwepo. Kwa mfanyabiashara, mali iliyolala stoo ni hasara. Kwa aliyekesha juu ya paa, hiyo mali ndiyo uhai.

Na sisi wengine? Tunachanga baada ya kuona picha. Mwaka 2011, ukame ulipobana kaskazini, makampuni na wananchi waliungana katika Kenyans for Kenya, tukatuma pesa kwa simu hadi lengo la kwanza la shilingi milioni 500 likapitwa. Tulijivunia, na haki yetu. Lakini nani ashawahi kuchangia lori lililoegeshwa tu, likingoja?

Basi biashara ikaribishwe, ila mkataba uandikwe wakati wa jua. Useme bei ya lori, nani atapigiwa simu, na lini mteja anayelipa atasubiri. Usiposema, pesa ndiyo itaamua. Si lazima mtu awe mbaya. Mhudumu wa simu atafuata tu orodha iliyo mbele yake.

Turudi kwa zile simu. Yule wa Kilimani akiwa ameshikwa na moyo, huenda ndiye wa kwanza. Akiwa ameteguka mguu, asubiri, gari liende Mathare. Lakini ajue hivyo siku anayolipa, si usiku huo akiwa na maumivu. Je, bado atalipa? Nadhani wengi watalipa. Shida ni kwamba hatujawauliza.