Kutengeneza Meno: Tiba na Pambo

Huulizwa: je, yajuzu Muislamu kutengeneza meno ili tabasamu lake lipendeze? Jawabu ni kutenga tiba na pambo. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani; akavaa ya fedha, ikanuka; Mtume (s.a.w.) akamuamuru avae ya dhahabu. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wamejuzisha kufunga meno kwa dhahabu penye haja. Basi kutia jino la bandia penye pengo, kuziba lililooza, na kunyosha kwa waya lililopinda, ni kuondoa aibu na madhara. Ama kuchonga meno mazima ili yapate mwanya wa uzuri, hilo limelaaniwa katika hadithi ya Ibn Mas'ud. Na tabasamu ni sadaka. Hata mwenye mapengo aweza kuitoa.