Na Panya Je?

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu nikiwa na habari niliyodhani itamfurahisha. Alikuwa ameketi mkekani, mwanawe amemwegemeza kifuani, akimlisha uji kwa kijiko kidogo. Mpwa wangu ana miaka 6. Hawezi kukaa peke yake, na kumeza kwake ni kazi. Bakuli moja huchukua karibu saa nzima. Nikaanza kusimulia huku uji ukipoa.

Nilimwambia kuna watafiti waliomchunguza fuko, yule asiye na manyoya, mwenye meno yaliyochomoza nje ya midomo, ambaye bibi yetu alimlaani kila msimu wa viazi vitamu. Walimweka mahali pasipo na oksijeni kabisa. Akazimia. Mapigo ya moyo wake yakashuka kutoka takriban 200 kwa dakika hadi 50. Baada ya dakika 18 wakamrudishia hewa, akaamka, akaendelea na shughuli zake.

"Dakika 18," nikarudia. "Na ubongo wake ukabaki mzima."

Dada akamfuta mtoto kidevu. "Walijuaje kwamba dakika 18 ni nyingi?"

"Walimlinganisha na panya wa kawaida."

"Na panya je?"

Nikamwambia ukweli. Panya alikata pumzi kabla ya dakika moja kwisha, na hakurudi.

"Kumbe," akasema, akachota kijiko kingine.

Sikuwa nimemfikiria yule panya hata kidogo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science na kundi la Thomas Park wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, pamoja na Gary Lewin na wenzake wa Berlin. Nilikuwa nimeusoma kwa furaha ya mtu anayeona mnyama wa kwao amepata heshima ughaibuni. Fuko huyu ni wa nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wanaishi makumi kwa makumi katika mahandaki yenye hewa nzito, na tangu mwaka 1981, Jennifer Jarvis alipoeleza kwamba wana malkia mmoja anayezaa kama nyuki walivyo, wanasayansi hawajamwacha. Mwili wake haufiki hata gramu 50 kwa kawaida, lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Saratani humpata kwa nadra.

Siri ya zile dakika 18 ni sukari. Seli za ubongo wetu hutegemea glukosi, na oksijeni ikikosekana njia ya kuivunja glukosi hukwama mapema. Fuko hubadili mafuta ya gari, kwa kusema hivyo. Huachilia fruktosi kwenye damu, na seli za ubongo wake zina mlango wa kuipokea na kimeng'enya cha kuitumia, basi hupita kando ya kile kizuizi. Ubongo unaendelea kuwaka taratibu, kama jiko lililofunikwa majivu.

Sasa utaelewa kwa nini nilimpelekea dada habari hii.

Mpwa wangu alizaliwa bila kulia. Uchungu ulikuwa umechukua siku nzima na sehemu ya usiku, wodi imejaa, muuguzi mmoja akikimbia kati ya vitanda. Dada anakumbuka mtoto akibebwa hadi mezani, anakumbuka mtu akiulizia mfuko wa kumpumulishia, na mwingine akitoka kwenda kuutafuta. Kisha anakumbuka kimya. Baadaye sana ndipo alisikia sauti, ndogo kama ya paka aliyefungiwa nje. Miezi ilipopita na shingo haikukaza, daktari akataja mtindio wa ubongo, akaeleza kwamba huenda ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Ni dakika ngapi? Dada ameuliza swali hilo kwa miaka 6. Hakuna aliyeziandika. Panya wa Chicago alikuwa na mtu mwenye saa kando yake, akihesabu. Mpwa wangu hakuwa naye.

Wazo hilo lilinirudisha kwenye maabara ya chuo, mwaka wa pili. Tulipewa panya weupe, mmoja kwa wanafunzi wanne. Wa kwetu tulimtia kwenye chupa pana yenye pamba iliyoloweshwa kloroformu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka viganja vyake kwenye kioo. Vilikuwa na vidole vidogo kabisa, vya waridi. Mwenzetu mmoja alitania, tukacheka, kwa kuwa hatukujua la kufanya na nyuso zetu. Tulichojifunza siku ile, yaani mahali lilipo ini na urefu wa utumbo, kilikuwa kwenye kitabu tayari. Nilipata alama nzuri.

Kwa hiyo swali la dada lilinikuta nina deni la zamani. Lakini sitaki kulijibu kwa huruma peke yake, maana huruma ni rahisi nikiwa nimeshiba.

Ukiniuliza kama ningekubali panya wafe ili mpwa wangu akae mwenyewe, nitakujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuniletea biashara hiyo. Fruktosi ya fuko haijawa dawa ya mtoto yeyote. Panya alikufa kwa ajili ya ujuzi ambao pengine utafaa, na pengine hautafaa. Anayetetea majaribio kwa kumwonyesha mtoto mgonjwa, kama nilivyotaka kufanya mkekani pale, anamtumia mtoto kulipia asichojua kama kitauzwa.

Na anayetaka majaribio yote yakome anapaswa kusikia habari ya upande wa pili. Katika miaka ya 1960, Geoffrey Dawes wa Oxford na wenzake waliwachunguza kima wachanga wa aina ya rhesus walionyimwa hewa mara tu walipozaliwa. Waliona mpangilio. Mtoto huhangaika kuvuta hewa, kisha hunyamaza. Halafu hutweta kwa kupapatika, kisha hunyamaza tena. Katika kimya cha kwanza, kumsugua tu mgongo kunaweza kumwamsha. Katika kimya cha pili hatarudi bila kupuliziwa hewa, na kila dakika ya kuchelewa huongeza muda utakaopita kabla hajapumua mwenyewe. Kwa macho huwezi kutofautisha vimya hivyo viwili, ndiyo maana mkunga hafundishwi kungoja. Hufundishwa kukausha, kusugua, na mtoto asipopumua, kumpulizia ndani ya dakika ya kwanza.

Ni ujuzi wa kutisha ulivyopatikana. Ni ujuzi pia unaookoa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa mpango uitwao Helping Babies Breathe, kwa mfuko wa kuminya kwa mkono na barakoa ndogo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hakukuhitajika mashine ya mamilioni. Kulihitajika mfuko uwe mezani na mkono uliozoea kuuminya.

Katika ripoti za Kiingereza, mnyama aliyeuawa maabara huandikwa kwamba ametolewa sadaka. Neno hilo linanikera. Kwetu, sadaka hutolewa na mwenye mali, kwa hiari yake, na humgharimu yeye. Panya hakutoa kitu; alichukuliwa. Kilichochukuliwa bila idhini huacha deni, na mimi naona deni hilo lina pande mbili. Upande mmoja uko maabara, na tangu mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walishaueleza: asitumiwe mnyama pale ambapo kuna njia nyingine, wapunguzwe wanaotumiwa, na mateso yao yapunguzwe. Panya wangu wa chuo asingepita hata sharti la kwanza.

Upande wa pili uko kwetu, tunaopokea. Tulijua tangu zamani cha kumfanyia mtoto asiyelia. Wale kima walikwisha kulipia. Usiku ule mfuko haukuwa mezani, na kwa mpwa wangu wakawa wamekufa bure. Tunabishana juu ya haki ya kutafuta ujuzi mpya, na ule tuliokwisha kuupata kwa bei hiyo unalala kabatini, au unasubiri mtu aende kuutafuta.

Sijui kama nimemjibu dada. Wiki iliyofuata nilirudi kwake, akaniuliza, "Njomba, leo umetuletea mnyama gani?" Nikamwambia habari ya wale kima. Alisikiliza hadi mwisho, kijiko kikiwa hewani. Alipofika kwenye kile kimya cha pili aliuliza kinachukua muda gani kufika.

"Dakika chache," nikasema.

Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amefungua kinywa akingoja. Akamlisha. Kisha akasema nimsaidie kumshika, mkono umekufa ganzi, nami nikakaa mkekani, nikampokea.