NYAYO ZAKO NI USHAURI KWA MWENZIO



Ijumaa ya leo tuulizane swali moja: mtu akionyeshwa njia na asiyemjua, kisha akaifuata, je, hatua ile ni ya nani?

Swali hili ni la zamani, lakini intaneti imelileta upya mikononi mwetu. Mwaka 1996 huko San Francisco, Marekani, ilianzishwa kampuni ya Alexa Internet, ambayo jina lake lilitokana na maktaba ya kale ya Alexandria, Misri. Ilitoa programu ndogo iliyokaa ukingoni mwa kioo cha kompyuta. Ukifungua ukurasa, programu hiyo ilikutajia kurasa nyingine za jamaa yake. Mwaka 1998 Netscape, ambayo wengi waliitumia kufungulia kurasa, nayo ikaweka kitufe cha kazi hiyo kwa kutumia hesabu za Alexa. Mwaka 1999 Amazon iliinunua kampuni hiyo, na mwaka 2022 huduma yake ikafungwa. Desturi yenyewe haikufungwa. Leo ukimaliza video moja kwenye YouTube, nyingine imekwisha kuwekwa mbele yako.

Je, programu ile ilijuaje la kukushauri? Hakuwamo mwanachuoni aliyepima lipi lina kheri na lipi lina shari. Ilitazama nyayo: waliofungua ukurasa huu, baadaye walikwenda wapi?

Ni kama njia za miguu katika vijiji vyetu. Hakuna aliyezilima, zimechimbwa na wapitaji. Moja inakwenda mtoni, nyingine inakwenda kwa muuza pombe, na pengine hii ya pili ndiyo pana zaidi. Upana wake unakuambia kwamba wengi wamepita. Haukuambii kwamba walikofika ni pazuri.

Ndugu msomaji, usidhani tunakataza chombo hiki. Mwanafunzi anayesoma juu ya malaria akionyeshwa ukurasa ulio bora kuliko ule aliouanza, hiyo ni neema, naye ashukuru. Lakini yule aliyeingia kutafuta bei ya mbegu, akatoka saa tatu baadaye akiwa ameona mambo ya aibu, asiseme: "Mimi nilionyeshwa tu." Kitufe hakikumshika mkono. Kuonyeshwa ni kwa mwingine, kubonyeza ni kwake, na nia ni yake.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Ikiwa ushauri ninaopewa umetokana na nyayo za waliotangulia, basi nyayo zangu nazo ni ushauri kwa anayekuja nyuma. Nimejifungia chumbani usiku, hakuna anayeniona, nadhani jambo hili ni baina yangu na nafsi yangu. Kumbe hatua yangu imehesabiwa, na kesho itamwelekeza kijana nisiyemjua, wa Kindu au wa Jakarta. Nasi tumefundishwa kwamba anayeonyesha njia ana fungu lake katika kinachotendwa humo, kiwe kheri au shari.

Utasema: "Mimi ni mmoja kati ya mamilioni, hatua yangu ina uzito gani?" Ni kweli, unyayo mmoja hauchimbi njia. Lakini tuonyeshe njia iliyochimbwa na kitu kingine zaidi ya nyayo za mmoja mmoja. Kila mpitaji angeweza kusema maneno hayo hayo, na njia ingekuwapo vilevile.

Basi tushike mambo mawili. Kabla ya kufungua, jiulize: nimekuja kutafuta nini? Ukikipata, funga. Na kabla ya kubonyeza unachoonyeshwa, jiulize: mtoto wa jirani angeniuliza njia, ningemwelekeza huku? Kama usingemwelekeza, usipite. Maana kwa kupita utakuwa umemwelekeza.

Wabillahi tawfiq.