Dua ya Aliyenoa Mwenyewe

Ubao wa mashindano haumwachi mtu. Skii hufunguka: mchezaji akianguka vibaya, kiatu huchomoka na mara nyingi goti hunusurika. Ubao wa mbio za theluji, ule mrefu na mwembamba unaokimbizwa katika slalomu kubwa ya sambamba, hushikwa na vifungio vya chuma juu ya buti ngumu, miguu yote miwili, na vifungio hivyo havikuundwa vifunguke vyenyewe. Binti yangu ana miaka 17. Ukimwona juu ya mlima wa Götschen, karibu na Berchtesgaden, kusini kabisa mwa Ujerumani, ameinama langoni ameshika vyuma vya kuanzia mbio, ujue kwamba popote atakapotua, ubao utatua naye. Na makali ya ubao huo nimeyatia mimi.

Kwa hiyo nina swali ambalo limenikaa muda mrefu. Nina uso gani wa kumwomba Mwenyezi Mungu amkinge mwanangu na hatari niliyoilipia ada, nikaifungia safari, kisha usiku wake nikainoa kwa mkono wangu? Kwamba Mungu anaweza kumkinga, sina shaka. Shaka yangu ni ya adabu. Mgonjwa huomba afya kwa sababu hakuyaita maradhi. Sisi hii tumeiita, tena tumeisubiri kwa hamu tangu Oktoba.

Watu hunijibu kwa hadithi ya ngamia: mfunge kwanza, halafu mtegemee Mungu. Naijua, nimefunzwa nikiwa mdogo Mombasa kama kila mtoto wa chuoni. Lakini ngamia yule alikuwa amesimama nje, akimngoja mwenyewe. Wangu anateremka mlima kwa kasi inayopita kilomita 60 kwa saa, na ni mimi niliyemfanya ateleze.

Nieleze kazi yenyewe, maana swali limezaliwa humo. Tuna chumba cha chini ya nyumba, na humo ubao hukaa juu ya meza umebanwa kwenye jiliwa. Ukingo wa chuma una nyuso mbili. Uso wa chini huinuliwa kidogo mno, nusu digrii au digrii moja, ili ubao usikamate theluji kabla haujaambiwa. Uso wa ubavuni ndio wenye roho ya mtu: wengi huukata kwa digrii 87 au 88. Kwanza hupita tupa, ikiongozwa na kifaa kinachoshika pembe ile ile mwanzo hadi mwisho, kwa maana mkono mtupu hudanganya. Halafu mawe ya almasi, kutoka lenye chembe kubwa hadi lililo laini, kuondoa vinyweleo vya chuma ambavyo jicho halivioni ila ukucha unavijua. Ukipitisha ukucha juu ya makali na ukucha ukatoa unga mweupe, umefika. Ubao ukitoka mlimani hukaushwa papo hapo, la sivyo asubuhi utakuta kutu, na kutu hula kazi ya saa mbili kwa usiku mmoja.

Kisha nta. Pasi ya moto huiyeyusha juu ya sakafu ya ubao, ambayo ni plastiki yenye vinyweleo vidogo sana vinavyoinywa. Ikipoa hukwanguliwa yote, mpaka unajiuliza uliipaka ya nini, halafu brashi ya shaba, halafu ya nailoni. Joto la pasi lina kipimo chake. Ukizidisha unaunguza sakafu, na iliyoungua hainywi tena.

Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi. Maji yakipwa, chombo kikilazwa mchangani, alikipaka deheni kwa kiganja, chokaa na shahamu, akipapasa kila ungio la mbao. Watu walikuja na ubani, na mwalimu wa kusoma Fatiha akaja, na baba akawakalisha kivulini. Haikusomwa kabla hajamaliza kupitisha mkono chini ya chombo chote. Nahodha mmoja aliwahi kumuuliza kama anamchelewesha Mungu. Baba akamwambia hapana, nakuchelewesha wewe.

Katika chumba kile cha chini nimewahi kupata wazo ambalo nadhani kila mzazi wa mchezo huu hulipata: niuache ubao butu kidogo. Usiwe butu wa kuonekana, bali wa kumpunguzia mwendo tu. Nani atajua? Wazo hili lina sura ya huruma, ndiyo maana ni baya. Njia ya mashindano si theluji laini ya kwenye kadi za Krismasi. Humwagiwa maji igande, na kukiwa na joto hutiwa chumvi ili theluji iliyolegea ishikamane, kusudi mchezaji wa mwisho apate njia iliyo karibu sawa na ya wa kwanza. Juu ya barafu ile, ukingo butu haumpunguzii mtu mwendo. Unampunguzia kushika tu. Mwendo unabaki naye, naye hana pa kuupeleka. Katika mchezo huu usalama wa mwanangu umo ndani ya makali yenyewe. Mama akitaka kumhurumia, na anoe vizuri zaidi.

Na makali hayo hayo hukata. Januari 2024, huko Wengen, Uswisi, Aleksander Aamodt Kilde, bingwa wa Norway wa skii za kuteremka, alianguka akateguka bega, na ukingo wa skii yake mwenyewe ukampasua misuli ya nyuma ya mguu. Chuma kilichomshikilia mlimani maisha yake yote. Tangu siku ile sikuhitaji kushawishiwa kununua suruali ya ndani ya nyuzi zisizokatika kwa urahisi, na bei yake naomba tusiizungumze.

Kaka yangu mkubwa, mwalimu wa madrasa kwetu Mombasa, hakupendezwa na jambo hili tangu mwanzo. Hoja yake haikuwa mavazi, kama majirani wanavyodhani. Mtoto huyu amefunikwa kuliko mtawa. Hoja yake ilikuwa ile aya ya Sura ya Baqara inayowakataza watu kujitupa kwa mikono yao wenyewe katika maangamizi. "Dadangu," aliniambia kwa simu, "huyo mwana hakutupwa na mtu. Nyinyi mwamtupa, tena kwa ratiba." Akaongeza kwamba ukimpa mtu ngao, atautafuta mkuki. Kwa hilo la pili, bila kujua, amekubaliana na mwanauchumi wa Marekani, Sam Peltzman, aliyedai mwaka 1975 kwamba dereva aliyewekewa vifaa vya usalama garini hujirudishia hatari kwa kukimbia zaidi. Binti yangu nimemtazama kwa jicho hilo. Ni kweli kwamba akivaa kinga huenda kwa kasi ambayo bila kinga asingethubutu. Lakini bila kinga asingeruhusiwa hata kufika langoni, basi mfano wa mtu asiye na ngao hatunao wa kuupima.

Kuhusu aya, nilimjibu kaka kwa jambo alilonifunza yeye. Imepokewa kwamba Waislamu walipokuwa mbele ya kuta za Konstantinopoli, mtu mmoja alijitosa peke yake katikati ya safu za Warumi. Watu wakapiga kelele kwamba anajitupa katika maangamizi. Abu Ayyub al-Ansari, mzee sana wakati ule, akawarekebisha: aya ile iliteremka kwa ajili yetu sisi Ansari, tulipotaka kubaki nyumbani na kuitengeneza mali yetu. Maangamizi yaliyokusudiwa yalikuwa yale ya kukaa. Kaka alinyamaza kidogo, akasema Abu Ayyub alikuwa katika njia ya Mungu na mwanangu yumo katika njia ya medali. Hapo amenishika, na bado amenishika. Siwezi kusema mbio za theluji ni ibada. Naweza kusema tu kwamba kukaa nako si kinga, na kwamba mwili wa msichana haukuumbwa uhifadhiwe sandukuni.

Jibu la swali langu la adabu sikulipata katika mjadala ule. Nililipata kwa Daudi. Qurani inasimulia kwamba chuma kililainishwa kwa ajili yake, akaamriwa atengeneze mavazi ya vita yaliyotimia na apime sawasawa pete zake zinavyoungana. Mtume mzima anafundishwa kipimo cha pete, kama mwanagenzi! Mahali pengine inasemwa kwamba ufundi huo alifundishwa ili uwakinge watu katika vita vyao, kisha wanaulizwa kama watashukuru. Vita vyao: si tetemeko, si tauni, bali balaa waliyoianzisha wenyewe kwa mikono yao. Na Mungu hakuwaambia, mmeyataka wenyewe, basi yamalizeni. Aliwafundisha kufua ngao. Nilipoiona hivyo aibu yangu ilipungua sana. Kumbe kinga ya hatari uliyojitakia si ujanja wa mtu anayekwepa kuulizwa; imo katika neema zinazohesabiwa.

Lakini neema hiyo haikuja na ahadi. Siku ya Uhud Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Nani mwenye tawakali kumshinda? Na sira husimulia kwamba kofia yake ya chuma ilipopigwa, pete zake mbili ziliingia shavuni, na Abu Ubayda bin al-Jarrah akazing'oa kwa meno. Kinga yenyewe ndiyo iliyomjeruhi. Pengine bila hiyo angeuawa. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja, na sijui mhubiri yeyote anayependa kukaa hapo kwa muda mrefu.

Helmeti ya binti yangu ina ganda gumu nje, na ndani povu gumu jeupe, lile lile linalofungiwa televisheni madukani. Kazi yake ni kubonyea na kumeza kishindo, na likibonyea halirudi. Baada ya anguko kubwa helmeti inaweza kuonekana nzima kabisa na ikawa imekwisha. Hiyo hainunuliwi utepe wala gundi. Hukatwa mikanda ili asije mtu akaiokota akaivaa. Kinga za muundi na za mikono ya mbele ni kwa ajili ya milango: kila mlango una mlingoti mrefu na mwingine mfupi, na kati yake kitambaa cha pembetatu. Mfupi hukaa upande wa ndani ili mchezaji alale juu yake, naye hulala, na huugonga. Glavu zina mabamba kwenye vifundo kwa sababu mkono huburuza barafu. Kinga ya mgongo huvaliwa chini ya nguo ya mashindano, na miwani hufutwa kwa kitambaa chake tu, kamwe si kwa ncha ya shati.

Kocha wake, mtu mwema asiye na dini, husema yote haya ni hesabu. Ukitimiza kila kitu, kinachobaki ni kidogo mno kukizungumzia. Mimi naona hicho kidogo ndicho kinachozungumziwa. Ninaponoa, nasema ninachokijua: pembe, joto, kutu. Ninapomfungia helmeti, nakiri kwamba kile nilichokijua hakikutosha. Mtu anayejiamini kabisa kwa kunoa kwake angemwacha mwanawe aende kichwa wazi. Karine Ruby wa Ufaransa alishinda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya wanawake katika mchezo huu, Nagano 1998, akapita miaka yote ya milango na barafu. Mei 2009, alipokuwa akijifunza kazi ya kuongoza wapanda mlima, alikufa katika milima ya Mont Blanc kwa kuanguka katika ufa wa barafu, akiwa amefungwa kamba na wenzake. Alikuwa na miaka 31. Hesabu ya kocha haina safu ya kuandika hilo.

Kuna kinga moja ambayo sikuwa na swali juu yake. Zamani nta za kasi zilikuwa na florini. Wapaka nta wa timu kubwa walipopimwa, damu zao zilikutwa na kemikali hizo kwa wingi usio wa kawaida, na theluji ikiyeyuka zilikwenda mitoni. Mimi nilivaa barakoa yenye chujio, na mtoto asiyekuwa wangu akanywa maji. Shirikisho la kimataifa lilizipiga marufuku kuanzia msimu wa 2023/24, na baadhi ya wazazi wakanung'unika kuhusu sehemu za sekunde. Sehemu za sekunde nazijua. Mwaka 2018 Ester Ledecká wa Cheki alishinda mbio za skii za Olimpiki kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, juu ya skii zilizowahi kuwa za Mikaela Shiffrin, kisha wiki moja baadaye akashinda kwa ubao. Lakini kumwombea mwanao salama huku umetia sumu katika kisima cha jirani, hiyo dua siwezi kuitamka.

Mbio ni za wawili wawili, njia nyekundu na njia ya buluu, na aliye njia ya pili ana mama yake anayesimama mita chache kutoka nilipo, pengine na maneno yake. Kwa hiyo siombi ushindi. Husoma Ayatul Kursiyu mara moja kwa njia zote mbili.

Juzi kaka alipiga simu. Tulizungumza habari za nyumbani, akakohoa, akauliza kama ile kinga ya mgongo aliyoizidi binti yangu bado ipo, kwani mwanawe ameanza kuendesha bodaboda kati ya Likoni na Diani na hasikii la mtu. Nikamwambia ipo na nitaituma. Akauliza na helmeti je, ile ya zamani? Nikamweleza habari ya povu na mikanda niliyoikata. Akasema huo ni uharibifu. Nimeagiza mpya, ya pikipiki, kwa kuwa hii ya theluji haikupimwa kwa lami, na tangu hapo anataka nimwandikie jinsi vipimo vya kichwa vinavyochukuliwa.