Amana ya Barua na Amana ya Mchukuzi

Amana, kwa maana iliyozoeleka miongoni mwa Waswahili, ni kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa niaba ya mwenyewe, naye hana ruhusa ya kukitumia kwa faida yake wala kukiacha kiharibike kwa uzembe. Barua ni amana iliyo wazi, kwa kuwa anayeituma humwachia mtu asiyemjua neno lake, hundi yake au dawa ya mgonjwa wake, akitumaini kwamba itamfikia mlengwa ikiwa salama. Surat An-Nisaa, katika aya ya 58, inaagiza amana zirudishwe kwa wenyewe, na mafundisho ya Kikristo kuhusu uwakili, yaani usimamizi wa mali ya mwingine, yanaelekea huko huko. Linalohitaji kuchunguzwa ni kama wajibu huo unaishia kwenye barua, au unalifikia pia gari linaloibeba na mtu anayeliendesha.

Jambo hili linaonekana vizuri nchini Marekani, kwa kuwa huko barua humfuata mpokeaji hadi nyumbani, ilhali Tanzania na Kenya wengi huzifuata barua zao kwenye sanduku la posta. Kati ya mwaka 1987 na 1994, kampuni ya Grumman iliunda kwa ajili ya Shirika la Posta la Marekani magari zaidi ya 140,000 yaliyoitwa Long Life Vehicle, maana yake gari la maisha marefu. Bodi yake ni ya alumini, na usukani uko kulia, kinyume cha desturi ya nchi hiyo, ili mpeleka barua anyooshe mkono dirishani na kutia barua kisandukuni kando ya njia bila kushuka. Magari hayo yalitarajiwa kutumika kwa miaka ipatayo 24, lakini mengi yalikuwa bado barabarani yalipotimiza miaka 30.

Umri huo haukupatikana bila jasho la mafundi. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kusimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku humaliza breki na kuchosha injini. Na vipuri vingine vilipoacha kuundwa, vililazimika kutengenezwa upya kwa kuiga vya zamani.

Hapo linazuka swali ambalo Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alilihusisha na meli ya shujaa Theseus, ambayo mbao zake zilizooza zilibadilishwa moja baada ya nyingine, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa meli ile ile. Aristotle, aliyefundisha kwamba kila kitu hueleweka kwa kutazama kusudio lake, yaani lengo ambalo kitu hicho kipo kwa ajili yake, anatupa njia ya kulijibu. Gari lililobadilishwa gia na breki bado ni gari la posta madhali linaifikisha amana, na fundi anayelikaza nati asubuhi kabla halijatoka anashiriki katika uaminifu ule ule wa anayeikabidhi barua mlangoni.

Hata hivyo, kudumu si sawa na kudumishwa. Kinachodumu husimama kwa nguvu zake na kwa matunzo yanayostahili. Kinachodumishwa kupita kiasi husimama kwa gharama ya mwingine. Magari haya hayana kiyoyozi wala mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ajali inapotokea, na katika jua la Arizona mpeleka barua hukaa ndani ya sanduku la alumini akipepewa na feni ndogo inayomrudishia hewa ile ile ya moto. Baadhi ya magari yameshika moto. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 25:4, inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kwa maana mwenye kubeba kazi ana haki ndani ya kazi hiyo. Ikiwa mnyama amewekewa haki hiyo, binadamu anaistahili zaidi.

Wanaotetea subira ya kuendelea na magari ya zamani wana hoja nzito, kwa sababu israfu, yaani kutapanya mali, ni kosa, na kutupa kinachofaa ni kuidharau neema. Lakini mizani ya israfu haiwezi kupima fedha peke yake ikaacha pumzi na afya ya watu. Mwaka 2021 kampuni ya Oshkosh Defense ilipewa mkataba wa kuunda magari mapya, na mwaka 2024 ya kwanza yakaanza kazi yakiwa na kiyoyozi na mifuko ya hewa. Katika miaka yote ya kungoja, deni la ucheleweshaji lililipwa na waliokuwa nyuma ya usukani.

Kitunze kidumu, wasemavyo wahenga, na agizo hilo linamhusu mtu kabla ya chombo. Kila mwenye mamlaka juu ya gari la umma, liwe la barua, la wagonjwa au la wanafunzi, analiweka barabarani likiwa na amana mbili, na atakuwa ameitimiza dhamana yake pale tu zote mbili zitakapofika salama: mzigo kwa mwenyewe, na mchukuzi kwa jamaa zake.